FARDHI KIFAYA NA MILANGO YA ZAWIYA: Kwa Nini Jumuiya za Kiroho Hujifungia, na Vipi Zitawafikia Walio Nje

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Katika makala hii tunakusudia kuangalia maradhi ambayo yameyapata makundi mengi ya kidini katika historia: kundi huanza kwa kuwaita watu wote kwa Mola wao, kisha baada ya kizazi kimoja au viwili likabaki linahudumia watu wake tu. Tutatazama kwanza yaliyotokea katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, kisha tutazame sababu zake, halafu tuulize fiqhi ya madhehebu yetu ya Kishafi'i inasemaje juu ya hali hiyo. Mwisho tutataja yanayowezekana kufanywa na maimamu na kamati za misikiti yetu.

TATIZO LILIPO

Tuchukue mfano wa Boko, katika wilaya ya Kinondoni, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Boko, Bunju, Mbweni na Tegeta vilikuwa vijiji vya wakulima na wavuvi, Wazaramo na makabila mengine ya pwani, watu waliojuana kwa majina ya baba na babu. Njia kuu ipitayo hapo ndiyo iendayo Bagamoyo, mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa kituo kikubwa cha tarika ya Qadiriyya katika bara la Tanganyika. Leo hali imebadilika. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wasiofika milioni 2.5 katika sensa ya mwaka 2002. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3, na ile ya mwaka 2022 zaidi ya milioni 5.3. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeangukia pembezoni: Kinondoni ya kaskazini, Temeke ya kusini, na maeneo mengine yaliyokuwa mashamba ya minazi na mikorosho. Watu wamehamia kutoka Kigoma, Tanga, Singida, Mtwara, Kagera na Visiwani, na kila mmoja amekuja na mazoea ya dini ya kwao.

Misikiti imeongezeka, na hilo ni jambo la kumshukuru Allah. Lakini pamoja na misikiti kumekuja mazungumzo ya namna hii: ule ni msikiti wa watu wa maulidi, ule ni wa Ansari, ule ni wa Tabligh, ule ni wa wenyeji. Mpangaji akifariki ghafla katika chumba chake, hana jamaa karibu, majirani wakaenda kutoa taarifa, swali la kwanza linaloulizwa si nani ataosha maiti. Linaloulizwa ni: "Marehemu alikuwa anasali wapi? Alikuwa wa watu gani?" Swali hilo dogo ndilo tunalotaka kulijadili, kwani ndani yake imo hukumu nzito ya sheria ambayo wengi hatuifikirii.

MILANGO ILIVYOKUWA WAZI

Ni vyema tuanze kwa kukumbuka kwamba jumuiya za kiroho katika pwani yetu zilienea kwa sababu zilifungua milango ambayo wengine waliifunga.

Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, katika pwani ya Somalia, alikwenda Baghdad kuchukua ijaza ya tarika ya Qadiriyya, akarejea na kuisambaza. Alifika Unguja katika zama za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Kutoka Unguja tarika ikavuka kwenda bara kupitia makhalifa. Wakati huo Uislamu wa mijini ulikuwa umefungamana sana na nasaba. Mwenye kusoma vitabu vikubwa kwa kawaida alikuwa mtu wa ukoo unaojulikana, na mtumwa au mtu aliyetoka bara, hata akisilimu, alikaa pembeni. Tarika ilimpa mtu huyo uradi wa kusoma, halaka ya kukaa ndani yake, na sheikh wa kumwita mwanangu.

Mfano ulio wazi ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Kongo, akaletwa Bagamoyo utumwani angali mtoto, akakulia katika nyumba ya Al-Lamki, ukoo wa liwali wa mji. Alisoma, akafanya biashara, akapewa ukhalifa wa Qadiriyya mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba yake ikawa madrasa na zawiya, na maulidi yake yakawa yanakusanya watu kutoka miji ya mbali. Mwaka 1916 Waingereza walipoichukua Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani walimfanya liwali, akafariki mwaka 1931. Mtu aliyeingia mjini akiwa mtumwa alikuja kuwa kiongozi wa dini na wa serikali katika mji uleule. Tukumbuke kuwa utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Zawiya ilitangulia sheria ya serikali katika jambo hili.

Mfano wa pili ni Bi Mtumwa binti Ali bin Yusufu. Jina lake pekee linatosha kueleza asili yake. Alitoka upande wa Ziwa Nyasa, akaenda Unguja, akaingia tarika huko, kisha akarudi Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, akiwa mwalimu wa wanawake na mwenezaji wa Qadiriyya.

Mfano wa tatu unatoka Lamu, katika njia ya Alawiyya. Habib Saleh bin Alawi Jamalil-Layl, sharifu mzaliwa wa Ngazija, alikaa Lamu akawafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha: watumwa, waliokuwa watumwa, na wageni. Baadhi ya wakubwa walimpinga, wakalaumu watu aliowakusanya na wakalaumu pia kusomwa maulidi kwa matari. Yeye aliendelea, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wa Riyadha na chuo chake, ambacho kimetoa walimu kwa Afrika Mashariki yote. Yeye alikuwa na nasaba ambayo ingeweza kuwa ukuta, naye akaifanya daraja.

Hawa wote walikuwa wanafuata mafunzo ya Qur'ani. Katika Suratu Abasa (80:1-10) Mwenyezi Mungu alimzindua Mtume wake (S.A.W.) pale alipoelekea kwa wakubwa wa Makureshi akamwacha kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), aliyekuja kutafuta kujitakasa. Na katika Suratul An'am (6:52) na Suratul Kahf (18:28) alikatazwa kuwaweka mbali mafakiri wanaomwomba Mola wao asubuhi na jioni ili wakubwa waridhike. Ikiwa zinduko hilo lilimfikia Mtume, sisi tuna haja nalo zaidi.

SABABU ZA KUJIFUNGIA

Basi ni kitu gani kinachoifunga milango iliyofunguliwa kwa jitihada kubwa namna hii? Tukichunguza historia yetu tunaona sababu nne kubwa.

Ya kwanza ni khofu. Mwaka 1908 barua iliyojulikana kama Barua ya Maka ilienezwa Lindi na sehemu nyingine za pwani ya Tanganyika, ikiwahimiza watu watubie na kukumbusha kuwa Kiyama kimekaribia. Serikali ya Kijerumani, ambayo miaka michache nyuma ilikuwa imepambana na Vita vya Maji Maji, iliona ndani yake uasi, ikawatilia shaka walimu na watu wa zikri. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania iliipiga marufuku jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, na Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, akarudishwa Zanzibar. Kundi linalotiliwa shaka hujikunja. Huchagua wa kumwamini, hupunguza maneno, huweka mambo yake ndani. Khofu hiyo ina udhuru wake. Tatizo ni kwamba khofu ikiondoka, mazoea yake hubaki, na kizazi kinachofuata hudhani kuwa kujificha ni sehemu ya njia.

Ya pili ni alama kugeuka kuwa mpaka. Kila jumuiya huwa na alama zake: uradi wake, namna ya zikri, bendera, kofia, kanzu fupi au ndefu. Alama huanza ikiwa msaada wa kumkumbusha mtu, kisha huwa kipimo cha kumtambua nani ni wetu. Nyasaland, miongoni mwa Wayao, Qadiriyya ilieneza Uislamu kwa nguvu sana, na watu wake walizoea kwenda makaburini kwa zikri ya sauti na bendera. Wakatokea waliosema kuwa maiti asindikizwe kwa ukimya. Hao wakaitwa Sukuti, yaani wanyamavu. Suala lenyewe ni la fiqhi, na vitabu vyetu vinalizungumza. Lakini mzozo haukubaki katika kiwango chake, uligawa misikiti na vijiji kwa miaka mingi. Mtu alizikwa huku walio hai wakigombana juu ya kichwa chake.

Uganda nako, baada ya kufariki Mwanamfalme Nuhu Mbogo mwaka 1921, Waislamu waligawanyika kati ya waliosali Ijumaa tu na waliosisitiza kusali Adhuhuri pia baada ya Ijumaa, wakijulikana kwa jina la Juma-Zukuli. Ndugu msomaji, tazama ajabu ya jambo hili. Miongoni mwa asili za tahadhari hiyo katika fiqhi ya Kishafi'i ni kanuni kwamba Ijumaa katika mji mmoja isiwe zaidi ya moja ila kwa haja, kama vile watu kutoenea mahali pamoja. Hekima ya kanuni hiyo ni kuwakusanya watu wa mji. Hukumu iliyowekwa ili watu wakusanyike ikaja kutumika katika kuwatenganisha.

Na mwisho wa njia hii unajulikana. Sheikh Uways mwenyewe aliuawa mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, ambao walikuwa watu wa tarika ya Salihiyya. Waliomuua hawakuwa makafiri wala watu wasiojua zikri. Walikuwa watu wa uradi kama yeye.

Ya tatu ni uongozi kuwa mali. Khalifa wa kwanza huwa amepata ijaza kwa kusoma, kutumikia na kusubiri. Baadaye ukhalifa hupita kwa damu, au kamati ya msikiti hubaki kwa waliotoa kiwanja na matofali. Hatusemi kuwa mtoto kurithi nafasi ya baba yake ni kosa. Wapo watoto waliowapita baba zao kwa elimu na ucha-Mungu. Tunachosema ni kwamba nafasi ikishafikiwa kwa kuzaliwa peke yake, mgeni mwenye bidii huona hana pa kufika. Leo mtoto wa mhamiaji wa Boko akisoma kwa bidii, je, ipo njia itakayomfikisha pale alipofika mtoto aliyeletwa utumwani Bagamoyo?

Ya nne ni lugha na elimu kubaki mikononi mwa wachache. Tarjuma ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA ya Zanzibar. Iliyofuata ilitolewa na Ahmadiyya mwaka 1953. Tarjuma kamili ya mwanachuoni wa Kisunni wa pwani, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ilitimia mwaka 1969. Kwa miaka 46 Mswahili asiyejua Kiarabu, aliyetaka kusoma maana ya Kitabu cha Mola wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakupata tarjuma kamili ya masheikh wake. Walikuwapo waliotambua hatari hii mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alitoa Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia watu kwa lugha yao juu ya elimu, biashara na mwenendo. Lakini wengi walisita, wakikhofia kuwa elimu ikiwa nyepesi itadharauliwa. Walioogopa kufungua mlango waliwakuta watu wao wameingia kupitia mlango wa wengine.

HOJA YA WANAOTETEA KUJIFUNGIA

Wapo watakaosema: jumuiya isiyo na mpaka hupotea. Malezi ya nafsi yanataka utulivu, sheikh anayemjua mwanafunzi wake, na ndugu wanaofuata njia moja. Tukimfungulia kila mtu, uradi utakuwa ngoma, na darsa litakuwa baraza la soga. Na watasema kuwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwafundisha Sahaba kwa siri katika nyumba ya Al-Arqam.

Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Darsa la Minhaj haliwezi kuwa sawa na mawaidha ya Ijumaa, na halaka ya malezi ina adabu zake. Ila tutazame Darul Arqam kwa ukamilifu. Ilikuwa nyumba ya wakati wa khofu, na waliofunzwa ndani yake walifunzwa ili watoke. Ulipokuja wakati wa Madina, kitu cha kwanza kilichojengwa kilikuwa msikiti. Wageni waliingia humo, Mabedui waliingia humo na ukali wao, na mafakiri wa Suffa, ambao hawakuwa na ukoo mjini wala mali, walikaa humohumo. Elimu ya ndani ikaendelea, lakini haikuwa sababu ya kumnyima aliye nje haki yake.

Hapo ndipo penye mzizi wa suala letu. Jumuiya ina haki ya kuwa na mambo yake ya ndani. Haki ambayo haina ni ya kuifanya faradhi ya Mwenyezi Mungu kuwa jambo lake la ndani.

FIQHI INASEMAJE

Wanachuoni wamegawa faradhi katika mafungu mawili: fardhi ain, inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake, na fardhi kifaya, inayowalazimu watu kwa ujumla, wakiitekeleza baadhi yao wengine huepukana na dhambi, na ikiachwa wote huwa na dhambi. Kumuosha maiti Muislamu, kumvisha sanda, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya kwa ijmai.

Sasa tuulize: fardhi kifaya hii inamlazimu nani? Masheikh wa Kishafi'i, katika sherehe za Minhaj ya Imam An-Nawawi kama vile Tuhfa ya Ibn Hajar Al-Haytami na Nihaya ya Ar-Ramli, wameeleza kuwa inamlazimu kila aliyejua kifo hicho, na pia yule ambaye hakujua lakini alikuwa karibu, na kutojua kwake kumetokana na uzembe wa kutouliza. Ewe ndugu imamu, zingatia maneno haya. Asiyejua kwa kuwa yuko mbali hana lawama. Aliye karibu, ambaye angeuliza angejua, udhuru wake haukubaliwi.

Maana yake ni kwamba kujifungia kwenyewe kunaweza kuwa ndio uzembe unaozungumzwa. Jumuiya iliyojipanga isiwajue wanaoishi nyuma ya ukuta wa msikiti wake haitajitetea mbele ya Allah kwa kusema haikuwa na habari. Kutokuwa na habari ndio shitaka. Na katika sharti zote zilizotajwa hakuna palipoandikwa kuwa maiti awe wa tarika fulani, au awe alikuwa akihudhuria msikiti fulani, au awe amelipa mchango wa mwezi. Uislamu wake unatosha.

Sunna inathibitisha hayo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), na katika mapokezi mengi ni mwanamke mweusi. Alifariki, Sahaba wakamzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume alipomkosa alimuulizia, akalaumu kutoarifiwa, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia hapo. Alimkosa kwa sababu alikuwa akimwona. Huo ndio wajibu wa kwanza wa kiongozi: kumjua yule ambaye akikosekana hakuna mwingine atakayeuliza.

Suala la pili ni zaka. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mahali ilipo mali maadamu hapo wapo wanaoistahiki, na zaka ya fitri hutolewa pale mtu alipokuwa jua lilipozama usiku wa Idi. Fakiri wa Kiislamu wa Boko ana haki katika zaka ya Boko kwa sababu yupo Boko na ni miongoni mwa mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba (9:60). Hakuna fungu la tisa la watu wa kundi letu. Basi jumuiya inayokusanya zaka za mtaa kisha ikazigawa kwa wanafunzi wa sheikh wake walio mkoa mwingine, hali ya kuwa mjane jirani yake hana chakula, na itazame upya hesabu zake.

Suala la tatu ni jirani. Suratun Nisaa (4:36) imeamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Imepokewa kutoka kwa Al-Hasan Al-Basri kuwa ujirani ni nyumba arobaini mbele, nyuma, kulia na kushoto, na mafakihi wa Kishafi'i wamekitumia kipimo hicho katika wasia: mtu akiusia mali kwa majirani zake, hugawiwa watu wa nyumba arobaini kila upande. Ni jumla ya nyumba 160. Tuuchukulie msikiti kuwa ni nyumba katika mtaa, kisha tuulize kamati: katika nyumba 160 hizo, mnawajua wangapi kwa majina?

Na haki ya ujirani haiishii kwa Muislamu. Abdullah bin Amr (R.A.), kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, alichinja mbuzi nyumbani kwake, akawa anauliza kama jirani yake Myahudi amekwishapelekewa, kwa sababu ya alivyomsikia Mtume (S.A.W.) akihimiza haki ya jirani. Zaka ina mafungu yake, lakini sadaka, kumzuru mgonjwa na kutoa pole msibani ni milango iliyo wazi, na Suratul Mumtahina (60:8) haikatazi wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu.

YANAYOWEZEKANA KUFANYWA

Kutokana na hayo tunaona mambo yafuatayo yanaweza kuanzwa na msikiti wowote wa pembezoni mwa jiji, uwe wa Boko, wa Bunju au wa Mbagala kule Temeke, bila ya kusubiri fedha nyingi.

Kwanza, kamati ihesabu nyumba. Vijana wawili wawili, wakiongozana na mjumbe wa eneo, wapite nyumba arobaini kila upande. Wasiulize mtu anafuata njia gani. Wamsalimu, wajue jina lake, wamweleze msikiti uko wapi na nani wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Akiwa si Muislamu, wajitambulishe kama majirani. Kwa wapangaji waulize jambo moja zaidi: jamaa zako ni nani, na wanapatikanaje? Swali hili likiulizwa katika uzima huondoa taabu kubwa siku ya msiba.

Pili, misikiti ya eneo moja iwe na utaratibu mmoja wa maiti. Machela, vyombo vya kuoshea na akiba ya sanda viwe vya mtaa mzima. Waoshaji wa kiume na wa kike wafundishwe pamoja, kutoka kila msikiti. Yanayokhitilafiwa, kama vile zikri ya sauti njiani, talakini au khitma, waachiwe wafiwa na wasia wa marehemu, wala isiwe sharti la kusaidiwa. Asiyeona vyema kuhudhuria khitma asihudhurie, lakini asikose kwenye kuosha, kusalia na kuzika, kwani hapo hakuna ikhtilafu.

Tatu, elimu isemwe kwa lugha inayoeleweka. Nguzo tano za khutba ya Ijumaa katika madhehebu yetu husomwa kwa Kiarabu: kumhimidi Allah, kumsalia Mtume, kuusia ucha-Mungu, kusoma aya na kuwaombea waumini. Mawaidha baina ya nguzo hizo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili, mradi mfululizo wa nguzo usikatike kwa maneno yasiyohusu khutba. Basi khatibu aliyehifadhi nguzo zake ana nafasi ya kuzungumza na fundi seremala na mama lishe juu ya mikopo ya riba, talaka na malezi ya watoto.

Nne, njia ya elimu iwe na ngazi zinazoonekana. Mtoto anayemaliza juzuu ya Amma ajue kinachofuata ni Safina, kisha Abi Shujaa, kisha Minhaj, na ajue kuwa akifika ataruhusiwa kusomesha, awe mtoto wa khalifa au wa mpangaji. Na wanawake wasisahauliwe. Bi Mtumwa alikuwa na ijaza. Binti zetu nao wanahitaji walimu wa kike wenye elimu ya kweli.

Tano, masheikh wa makundi mbalimbali wakutane kabla ya ugomvi. Wakikutana wakati wa msiba au wakati wa kuandama mwezi huwa wamechelewa, kila mmoja keshatoa kauli mbele ya watu wake na kurudi nyuma kunamwia uzito. Wakizoea kutembeleana na kula pamoja, ikhtilafu ikija itawakuta ni marafiki.

HITIMISHO

Tumeona kuwa jumuiya za kiroho za pwani yetu zilikua kwa kumpa nafasi yule aliyenyimwa nafasi, na zilidumaa pale khofu, alama, urithi wa vyeo na ufinyu wa lugha vilipokuwa ukuta. Tumeona pia kuwa sheria haikutuachia khiari katika jambo hili. Fardhi kifaya ni ya watu wa mahali, na aliye karibu hana ruhusa ya kutojua.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa tu juu ya uradi tuliousoma ndani ya zawiya. Tutaulizwa pia juu ya yule aliyekuwa akiugua upande wa pili wa ukuta huku sauti zetu za zikri zikimfikia, na sisi hatujui jina lake. Basi tuanze na nyumba ya kwanza kulia kwa msikiti.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo zetu, awarehemu masheikh wetu waliotutangulia, na atujaalie miongoni mwa wanaofungua milango ya kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.